Akiba ya shilingi, nyumba ya dirhamu: kabla hamjalipia studio ya kupangisha Dubai

Swali: «Assalaam aleikum. Mimi ni mfamasia, naishi Mombasa na mume wangu na watoto wetu watatu. Kwa miaka mingi tumejinyima hadi tukafikisha akiba ya shilingi milioni 7. Mwezi uliopita tulienda kwenye maonyesho ya nyumba za Dubai katika hoteli moja Nyali. Dalali alituonyesha studio, nyumba ya chumba kimoja, kwenye jengo ambalo bado ni ramani, mtaa wa Jumeirah Village Circle, bei dirhamu 650,000. Masharti ni 20% sasa, halafu 4% kila miezi mitatu mara kumi, na 40% iliyobaki siku ya kukabidhiwa funguo. Anasema kampuni inayojenga inatuhakikishia kodi ya pango ya 8% ya bei kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwamba nyumba itajilipia yenyewe, kwamba tutapata ukaazi wa huko, na tukikwama tutaiuza kabla jengo halijaisha na tupate faida. Kila mwezi tunaweza kuweka kando kama shilingi 150,000. Ami yangu anasema mgeni hamiliki kitu kule, ni kukodi miaka 99 tu. Binamu yangu aliye Sharjah anasema tuharakishe, bei zinapanda. Na je, mmoja wetu akifariki, watoto watapata haki yao? Dalali anataka dirhamu 20,000 za kushikilia nyumba kabla ya Ijumaa.»

Waaleikum salaam, dada yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa. Wengi huniuliza wakiwa tayari wametia saini, na hapo ushauri huwa umebaki mdogo. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na naona hofu mbili ndani yake. Moja umeitaja: kwamba huenda mgeni akanyang'anywa nyumba. Nyingine hukuitaja, ila hesabu ulizonipa zinaitaja: kwamba fedha zenu huenda zisifike mwisho wa safari hii. Ya kwanza nitaimaliza upesi. Ya pili ndiyo itakayotuchukulia muda.

Ami yako ana nia njema, lakini kwa Dubai hayuko sahihi. Tangu Sheria Namba 7 ya 2006, mgeni wa nchi yoyote anaruhusiwa kumiliki nyumba moja kwa moja, bila kikomo cha miaka, katika maeneo yaliyotengwa kwa ajili hiyo. Dubai Marina, Palm Jumeirah, Downtown na huo mtaa wa Jumeirah Village Circle ni miongoni mwake. Sehemu kubwa ya Deira na Bur Dubai, mitaa ambayo wafanyabiashara wetu wa Mombasa wanaijua kama viganja vyao, haimo. Pengine ami anachanganya na sheria yetu wenyewe: ni Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inayomzuia asiye raia kupata ardhi zaidi ya kukodi miaka 99. Na mkumbuke kwamba kila emirati ya Falme za Kiarabu ina sheria zake za ardhi, kwa hivyo anachokijua binamu yako kuhusu Sharjah si lazima kiwe hivyo Dubai.

Basi hati mtaipata, mkimaliza kulipa. Hapo kwenye kumaliza kulipa ndipo ninapotaka tukae.

Mpango mliopewa umeitwa malipo kwa awamu, na jina hilo linaliwaza. Kwa kweli ni deni. Siku mtakapotia saini mtakuwa mnadaiwa bei yote ya dirhamu 650,000, na deni lenyewe liko kwenye fedha ambayo nyinyi hamlipwi kwayo. Tuichukue dirhamu kuwa shilingi 35 na senti 20, ambayo ndiyo thamani yake dola ikiwa kama shilingi 129. Malipo ya kwanza ya 20% ni dirhamu 130,000. Juu yake kuna ada ya Idara ya Ardhi ya Dubai, 4% ya bei, ambayo ni dirhamu 26,000 na kwa kawaida hudaiwa mwanzoni. Sina hakika kama dalali aliitaja. Jumla dirhamu 156,000, karibu shilingi milioni 5.5. Katika akiba yenu imebaki milioni moja na nusu.

Kisha kila miezi mitatu mnadaiwa dirhamu 26,000, yaani kama shilingi 915,000. Katika miezi hiyo mitatu nyinyi mnaweza kuweka 450,000. Pengo ni shilingi 465,000 kila awamu, na litazibwa kutoka ile milioni moja na nusu. Itaziba mara tatu. Awamu ya nne, mwaka mmoja tu baada ya kuanza, hamna pa kuitoa. Na hapo bado awamu nyingine sita, na bado ile 40% ya siku ya funguo, ambayo ni dirhamu 260,000, zaidi ya shilingi milioni 9 kwa mkupuo.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba shilingi yetu itatulia pale ilipo. Dirhamu imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, na haijasogea. Inayosogea ni shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika karibu 160. Miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Malipo ya mwisho ya dirhamu 260,000, yakiwakuta kwenye mwezi kama ule wa Januari 2024, yanakuwa zaidi ya shilingi milioni 11 badala ya 9. Mtu anayelipwa kwa dola au dirhamu haoni mabadiliko yoyote. Anayelipwa kwa shilingi huongezewa bei ya nyumba bila kuulizwa.

Dalali anasema nyumba itajilipia yenyewe. Muulizeni italipaje kabla haijakuwepo. Kodi inaanza kuingia baada ya mpangaji kuingia, mpangaji anaingia baada ya funguo, na funguo zinatolewa baada ya 40% kulipwa. Hakuna hata dirhamu moja ya kodi itakayowasaidia katika miezi thelathini ambayo ndiyo migumu.

Nini kinatokea mtu akikwama? Sheria ya Dubai imeandika wazi. Ni Sheria Namba 13 ya 2008, iliyorekebishwa 2017 na tena 2020. Kampuni inaripoti kwa Idara ya Ardhi, mnapewa siku 30 za kulipa au kuelewana nayo, na baada ya hapo haki zake zinategemea ujenzi umefika wapi. Ujenzi ukiwa umeanza lakini haujafika 60%, kampuni inaweza kuvunja mkataba na kubaki na hadi 25% ya thamani ya nyumba. Ukiwa umepita 60%, inaweza kubaki na hadi 40% ya thamani. Someni tena maneno hayo: ya thamani ya nyumba, si ya kile mlicholipa. Wanunuzi wengi hawalioni hilo hadi barua iwafikie.

Tuiweke kwenye hali yenu. Mkikwama awamu ya nne mtakuwa mmelipa 32%, dirhamu 208,000. Ujenzi ukiwa chini ya 60%, kampuni inaweza kushika dirhamu 162,500, ambazo ni shilingi milioni 5.7, na salio watawarudishia kwa muda unaoweza kufika mwaka mzima. Jengo likiwa limekimbia na kupita 60%, haki yao ni hadi dirhamu 260,000, kiasi kinachozidi mlicholipa chote. Akiba ya miaka yenu yote inakwisha kihalali, bila mtu kuwaibia.

Ndiyo sababu sikubaliani na ile ahadi ya kuuza mkikwama. Kampuni nyingi hazimruhusu mnunuzi kumuuzia mwingine kabla hajalipa sehemu fulani ya bei, mara nyingi 30% hadi 40%, na lazima zitoe barua ya kutokuwa na pingamizi, yenye ada yake. Hata mkiruhusiwa, mtakuwa mnauza studio moja wakati kampuni yenyewe bado inauza nyingine zinazofanana nayo katika jengo hilo hilo au la jirani, kwa awamu nyepesi na kwa kamisheni nono kwa madalali. Dalali atampeleka mteja kwa nani? Soko likiwa linapanda mtapata mnunuzi. Likiwa linashuka, wote waliopanga kuuza kabla ya funguo watataka kutoka mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Hili limewahi kutokea. Hadi katikati ya 2008 watu Dubai walinunua nyumba za ramani wakiwa hawana nia wala uwezo wa kulipa awamu zote, wakitegemea kuuza mapema. Msukosuko wa fedha wa dunia ulipofika mwishoni mwa mwaka huo, wanunuzi wakatoweka, bei katika sehemu nyingi za mji zikaanguka kwa karibu nusu au zaidi, na miradi mingi ikasimama au kufutwa. Novemba 2009 kampuni ya serikali, Dubai World, iliomba kusitisha kulipa madeni yake, na mwezi uliofuata Abu Dhabi ikatoa dola bilioni 10 kuiokoa hali. Soko lilirudi, kisha kuanzia 2014 likateremka polepole hadi 2020, na baadaye likapanda kwa kasi. Binamu yako anasema kweli kwamba bei zimepanda. Ila ameliona soko katika kipindi chake kizuri tu, na nyinyi mtakabidhiwa funguo katika kipindi ambacho hakuna anayekijua.

Kuna ulinzi wa maana uliowekwa, na ningekosea kuuficha. Sheria Namba 8 ya 2007 inataka fedha za wanunuzi wa nyumba za ramani ziingie kwenye akaunti maalumu ya amana ya mradi husika, na kampuni izitoe kwa kadiri ujenzi unavyoendelea. Asilimia 5 hubaki humo mwaka mmoja baada ya jengo kukamilika kwa ajili ya kasoro. Mkataba wenu husajiliwa na Idara ya Ardhi kwenye daftari la muda, mfumo unaoitwa Oqood. Kupitia programu ya simu ya Idara hiyo, Dubai REST, mnaweza kuutafuta mradi na kuona kama umesajiliwa na ujenzi umefika asilimia ngapi. Dalali naye lazima awe na kadi ya RERA, mamlaka inayosimamia soko hilo, na jina lake linaweza kukaguliwa. Lakini ulinzi huu unawakinga na kampuni mbaya. Dhidi ya awamu msizoweza kuzilipa hausaidii chochote.

Kwa hivyo kuhusu Ijumaa: msilipe. Dalali anayewapa siku chache kwa deni la miaka mitatu anajua kwamba mkipewa mwezi mtapiga hesabu. Studio katika mtaa ule hazijawahi kuadimika, ni moja ya mitaa inayojengwa kwa wingi zaidi Dubai. Na hata siku mtakapoamua kulipa, fedha ziende kwenye akaunti ya amana yenye jina la mradi, kwa benki. Zisipite kwenye akaunti ya dalali, wala kwa hawala, wala mkononi mwa binamu.

Sasa ile 8% ya uhakika. Hiyo ni sehemu ya bei. Kampuni ikiongeza 10% kwenye bei na kukurudishia kidogo kidogo kama kodi, umepokea fedha zako mwenyewe. Njia ya kulijua hilo ni kugawa bei kwa futi za mraba, kisha kulinganisha na studio zilizokwisha jengwa na zinazouzwa katika mtaa huo huo. Ulizeni pia: je, ahadi hii imo ndani ya mkataba wa mauzo au kwenye kipeperushi? Anayeahidi ni kampuni ile kubwa au kampuni tanzu iliyoandikishwa juzi? Ni 8% kabla ya kutoa ada za jengo au baada yake? Jibu la swali hilo la mwisho hubadilisha kila kitu.

Chukueni studio ya dirhamu 650,000 yenye futi za mraba 400, na tuseme inapangishwa kwa dirhamu 48,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi hiyo ni zaidi ya 7%. Ondoa ada ya huduma za jengo, ambayo hulipwa na mwenye nyumba kwa kila futi ya mraba, apate mpangaji asipate. Majengo ya kawaida mara nyingi huwa kati ya dirhamu 10 na 20, tuweke 15, ni dirhamu 6,000. Ondoa kampuni ya kuwasimamia mpangaji, kwa kuwa hamko huko, dirhamu 3,000. Ondoa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, 4,000. Ondoa matengenezo ya kiyoyozi, bomba na rangi, 2,000. Zimebaki 33,000. Kisha jueni kwamba nyumba iliyokwisha jengwa haiwagharimu 650,000. Kuna 4% ya Idara ya Ardhi, 2% ya dalali na VAT juu yake, na ada za ofisi ya uhamisho, jumla kama dirhamu 694,500. Kodi halisi ni chini kidogo ya 5%. Kama jengo linatumia mtambo wa ubaridi wa pamoja, ulizeni nani analipa ile ada ya kudumu ya mtambo nyumba ikiwa haina mtu. Mara nyingi ni mwenye nyumba.

Asilimia 5 kwa fedha iliyoshikamana na dola si kitu cha kudharau. Ila ipimeni na mlicho nacho nyumbani. Hati za dhamana za serikali ya Kenya zimelipa zaidi ya 10% katika miaka ya karibuni, na ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya 18%, bila ushuru. Hiyo ni ya shilingi, na shilingi huweza kudhoofika, kama tulivyoona. Kwa hivyo sababu ya kweli ya kununua Dubai kwa mtu wa Mombasa ni kuweka sehemu ya mali kwenye fedha ngumu na kwenye nchi nyingine. Mkinunua kwa kufuata ukubwa wa kodi peke yake, mtajikuta mmekwenda mbali kutafuta kilicho kidogo kuliko cha nyumbani.

Na kodi yenyewe haipandi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Amri Namba 43 ya 2013 inaifunga kwenye wastani wa soko: kodi yako ikiwa chini ya wastani kwa 10% au pungufu ya hapo, huongezi kitu. Ukiwa chini kwa 11% hadi 20% unaruhusiwa kuongeza 5%, na hata ukiwa chini kwa zaidi ya 40%, ukomo ni 20%. Taarifa ya mabadiliko inatolewa siku 90 kabla ya mkataba kuisha. Mkitaka mpangaji atoke kwa sababu mnauza au mnahamia wenyewe, mnampa miezi 12 kwa maandishi kupitia mthibitishaji wa umma. Mimi naiona sheria hii kuwa ya haki, kwa kuwa mpangaji wenu huko huenda akawa mfanyakazi mgeni mwenye watoto kama wenu. Ila lazima iwe kwenye hesabu zenu.

Kuhusu ukaazi, dalali amewapa ahadi ambayo si yake kuitoa. Visa ya miaka miwili ya mwenye nyumba imewahi kuhusishwa na hati ya thamani ya dirhamu 750,000, na ile ya miaka kumi na mali ya dirhamu milioni 2. Yenu ni 650,000, tena bado ramani. Masharti ya visa hubadilishwa mara kwa mara, kwa hivyo msinunue nyumba kwa sababu ya visa kabla hamjapata jibu la maandishi kutoka Idara ya Ardhi yenyewe.

Kama mlifikiria kukopa benki ya huko ili kulipa ile 40%, jueni kwamba mkopo kwa asiye mkaazi huwa mara nyingi karibu nusu ya thamani, na benki huchagua nchi ambazo inakubali hati zake za mapato. Itawezekana au haitawezekana, na mtalijua wakati umeshachelewa. Suala la riba na la faini za kuchelewa, kwa kuwa najua litawasumbua, liulizeni kwa shekhe wenu mkiwa na mkataba mkononi ausome kifungu kwa kifungu.

Mngefanya nini basi? Mimi kwa hali yenu nisingeununua mpango huu, na nasema hivyo bila kusitasita. Milioni 7 ni kama dirhamu 199,000, haitoshi kununua studio hiyo iliyokamilika. Mkipenda Dubai kwa dhati, njia iliyo salama zaidi ni kununua iliyokwisha jengwa, kwa fedha taslimu, na ndugu mnaoaminiana. Idara ya Ardhi inakubali majina kadhaa kwenye hati moja, kila mmoja na fungu lake. Mtaliona jengo, mtasoma ada zake za miaka iliyopita, na kodi itaanza mapema. Ugumu wake ni ndugu wenyewe: andikeni mapema itakuwaje mmoja akitaka kutoka.

Kama mnachokitafuta ni kodi ya Dubai bila funguo za Dubai, kuna mifuko ya nyumba inayouzwa kwa vipande kwenye soko la hisa. Dubai Residential REIT iliingia sokoni huko Mei 2025. Hapo kiasi kidogo kinatosha na kuuza ni rahisi, ila bei ya kipande hupanda na kushuka, na hapa kwetu Fahari I-REIT, iliyoanza 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, iliwaumiza wengi ilipoteremka mbali chini ya bei hiyo. Kuna pia mifuko ya fedha ya dola inayosimamiwa hapa Kenya, ambayo ingewapa nafasi ya kukusanya dola taratibu huku mkitafakari. Na kuna bedsita za Kisauni na Mtwapa, zenye ushuru wa 7.5% ya kodi ghafi kwa wenye nyumba wengi wa kiwango chenu. Huko mnawajua wapangaji na mnaweza kwenda wenyewe bomba likipasuka, lakini migogoro ya hati za ardhi za pwani nayo ni hatari halisi, pengine kubwa kuliko yoyote niliyoitaja kuhusu Dubai. Kati ya zote, ningeanza na kukusanya dola, kwa sababu haiwafungi popote.

Umeuliza kuhusu watoto, na swali hilo wengi huliacha hadi msiba uingie. Kwa Mwislamu, mahakama za Dubai hugawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Nyumba haimwendei mke au mume aliyebaki moja kwa moja hata kama majina yote mawili yako kwenye hati: fungu la marehemu linasimama hadi mahakama itambue warithi. Hati ya warithi kutoka Mahakama ya Kadhi hapa Mombasa italazimika kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya na ubalozi wa Falme za Kiarabu Nairobi, kisha kutafsiriwa Kiarabu na mfasiri anayetambuliwa. Inachukua muda na fedha. Kinachoweza kurahisisha ni kuandikisha mafungu yenu wawili wazi tangu mwanzo na kuwaonyesha watoto wakubwa karatasi ziliko. Wasomaji wasio Waislamu wanaweza kusajili wosia kwenye rejista ya wosia ya DIFC, kituo cha kimataifa cha fedha cha Dubai, iliyofunguliwa 2015.

Upande wa Kenya, benki yenu itauliza fedha zimetoka wapi na zinakwenda kufanya nini, kwa hivyo wekeni mikataba na taarifa za akiba. Namna kodi ya pango kutoka nje inavyoingia kwenye ritani zenu za KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ni swali la mhasibu aliyesajiliwa, akiwa na hesabu zenu mbele yake. Msomaji wa Tanzania ajue kwamba mkaazi wa huko hutozwa kodi ya mapato kwa kipato chake cha dunia nzima chini ya sheria ya 2004, na aiulize benki yake masharti ya Benki Kuu ya Tanzania kabla ya kutuma fedha za kununua mali nje.

Mahali ambapo jibu langu haliwezi kufika ni ndani ya mkataba wenyewe. Mkiamua kuendelea, kwa mpango huu au mwingine, tafuteni wakili aliyesajiliwa Dubai, mlipeni nyinyi, na asiwe yule aliyeletwa na dalali au kampuni. Mpeni mkataba wa mauzo, ratiba ya malipo, na ile karatasi ya 8%, na mwulizeni mambo matatu: tarehe ya kukabidhi inaweza kusogezwa kwa muda gani bila fidia, tukikwama tunapoteza kiasi gani, na ahadi ya kodi inamfunga nani. Kama hamtasafiri na mnamtumia binamu kuweka saini, wakala wa kisheria (power of attorney, yaani hati ya kumruhusu atende kwa niaba yenu) mtakaompa uthibitishwe kwa hatua zile zile za wizara, ubalozi na tafsiri, na uandikwe kwa nyumba hiyo moja na kwa shughuli hiyo moja, pamoja na tarehe ya kuisha. Wakala wa jumla unaomruhusu kuuza, kukopa na kupokea fedha kwa niaba yenu msiuandike, hata kama ni binamu mliyelelewa naye nyumba moja.